Kitufe cha Mama Pacha

Kitasa cha mlango wa bafuni kwa Mama Pacha kililegea tangu mapacha hawajaanza shule, na kila alipomkumbusha mumewe, mumewe alijibu "kesho" kwa sauti tamu kabisa ya mtu asiye na nia yoyote. Anayeoga alilazimika kuimba ili walio nje wajue kuna mtu. Sasa mwanamke anayeoga huku anaimba kwa ajili ya kitasa, halafu anafika kazini anamkuta mume huyo huyo amelala kifudifudi kando ya winchi, tochi mdomoni, anapima mnyororo pingili kwa pingili kwa ajili ya mwanamke mwingine, mnataka asione wivu? Aliona. Tena aliona mchana kweupe, wala hakujisumbua kuuficha.

Mwanamke mwingine huyo alikuwa Kinanda, mwimbaji ambaye picha zake zilibandikwa kwenye kila ukuta ulioweza kushika gundi. Kwenye picha alikuwa amekaa kwenye bembea, anashuka kutoka darini, na watu chini yake wamemnyooshea mikono. Picha ni picha. Wa kuifanya iwe kweli alikuwa Baba Pacha, fundi mkuu wa winchi katika ukumbi ule wa matamasha. Taa, spika, mapazia, skrini, vyote vilivyoning'inia juu ya jukwaa alivipandisha yeye kwa winchi za umeme za mnyororo. Mkewe alikuwa kwenye kikosi hicho hicho, pamoja na wifi yake, dada wa Baba Pacha, aliyeshughulikia nyaya na, muda ukibaki, mambo ya watu.

Winchi zenyewe kikosi kiliziita kwa majina yao. Breki Moja ilikuwa ya kazi za kila siku. Ilipandisha mzigo, na mzigo ukishafika juu ilibidi ufungwe waya wa chuma wa akiba kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kupita chini yake, maana breki ikiwa moja, siku ikichoka hakuna wa kuipokea. Breki Mbili ilikuwa na nafuu. Hiyo iliruhusiwa kushika mzigo juu ya vichwa vya watu bila waya wa akiba, ili mradi imetulia tuli. Kutembea juu ya watu, marufuku. Ya tatu waliiita Mheshimiwa, kwa sababu ilikuja kwa gari la peke yake, na vyeti vyake, na haikutumwa hovyo. Mheshimiwa ndiye pekee aliyeruhusiwa kumbeba mtu na kutembea naye juu ya watu. Alikuwa na breki mbili, chombo cha kupima uzito, mnyororo mnene kuliko mzigo ulivyohitaji, na sharti moja la ziada: hatembei mpaka kuna mtu ameshika kitufe.

Huyo mshika kitufe hakuwa mwendeshaji. Mwendeshaji alikuwa Baba Pacha, naye alikaa na mitambo yake pembeni mwa jukwaa, ambako hakuona kila kitu. Mshika kitufe alisimama mahali pa kuona njia nzima ya bembea, kuanzia darini mpaka sakafuni, kidole gumba kimebana. Kidole kikibana, Mheshimiwa anakwenda. Kidole kikiachia, breki zote mbili zinauma papo hapo na kila kitu kinaganda hewani. Na mshika kitufe alikuwa Mama Pacha.

Palikuwa na desturi moja ambayo Baba Pacha aliisimamia kuliko hata vyeti. Mtu akisimamisha kazi, hagombezwi. Hakunjiwi uso, haulizwi kama ana wazimu. Anaulizwa kitu kimoja tu, "umeona nini?", na atakachosema kinakaguliwa mpaka mwisho. Sababu yake kikosi kizima kiliijua. Mjomba wa Baba Pacha, aliyemfundisha kazi, alikuwa chini ya fremu ya taa siku ilipoporomoka. Fundi mmoja alikuwa ameuona mnyororo umejipinda, lakini alinyamaza, kwa kuwa siku chache nyuma alisimamisha kazi pakakutwa hakuna kitu, akatukanwa mbele ya watu. Mjomba hakuamka tena. Tangu hapo Baba Pacha aliapa kwamba kwenye kikosi chake hakuna atakayeogopa kusimamisha.

Mama Pacha alikuwa amewahi kusimamisha mara kadhaa, na kila mara palikutwa kitu. Mfuko wa mnyororo uliochanika. Ndoano iliyokaa upande. Breki ikianza kuchoka, yeye aliisikia kabla haijamaliza kuchoka, na mafundi wa kumbi nyingine waliyasimulia masikio yake kwa kutia chumvi kidogo.

Lakini wiki ile masikio yalikuwa na kazi nyingine. Yalisikiliza kicheko.

Kinanda aliogopa urefu. Mwanamke anayepanda majukwaa kila mwezi, akipanda kwenye bembea anakuwa kama mtoto kwenye kiti cha daktari wa meno. Kwa hiyo kila mazoezi Baba Pacha alipiga magoti mbele yake, akamfunga mkanda wa usalama kiunoni, akavuta kila bizimu, na muda wote huo alimnong'oneza kitu. Kitu gani, Mama Pacha hakusikia, na kwa mtu mwenye masikio yale hiyo peke yake ilikuwa dharau. Aliona tu midomo inavyokwenda, halafu Kinanda anacheka, halafu mumewe naye anacheka. Na mumewe alikuwa si mtu wa kucheka kazini. Nyumbani pia alikuwa wa kucheka kwa mafungu.

"Wifi," dada mtu alimwambia, huku anazungusha waya mkononi kana kwamba hasemi kitu, "hicho kicheko cha kaka yangu mimi nilikisikia mara ya mwisho kwenye harusi yenu."

"Acha maneno yako."

"Mimi nimesema nini? Nimesema kaka yangu ana furaha. Na leo kanyoa ndevu. Mtu akinyoa ndevu si usafi?"

Ndevu Mama Pacha alikuwa ameziona asubuhi, yaani ameona hazipo, na alikuwa amemeza swali lake pamoja na chai. Sasa swali lilipanda tena likamkaa kooni. Mkanda wa usalama hata yeye anajua kuufunga. Wifi anajua. Kwa nini lazima afunge mwanaume? Jibu alilijua vizuri kabisa: anayeendesha winchi ndiye anayemfunga na kumkagua anayepanda, na kanuni hiyo ilikuwepo kabla ya Kinanda kuzaliwa. Alilijua, na halikumsaidia chochote. Roho ilimuuma tu.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa mchana, siku moja kabla ya onyesho. Asubuhi Baba Pacha alikuwa ameshamtundikia Mheshimiwa magunia ya mchanga mazito kuliko Kinanda na nguo zake zote, akaijaribu breki ya kwanza peke yake, kisha ya pili peke yake. Zote zilishika. Wacheza ngoma wakapanga mistari kule kwenye viti ambako watazamaji wangekaa, muziki ukaanza, na Kinanda akatokea darini kwenye bembea yake, gauni limefunguka kama mwavuli, macho ameyafumba.

Mama Pacha alikuwa mahali pake, kidole kimebana. Kwenye redio ya sikioni wote walisikiana.

"Fungua macho, dada," Baba Pacha alisema. "Uko mikononi mwangu."

Kisha Kinanda akafungua macho, akatazama chini, na kwa mshangao wake mwenyewe akacheka.

"Mikono yenyewe, fundi, nimeshaizoea."

Hapo ndipo kidole kilipoachia. Hakikuteleza wala hakikuchoka. Mama Pacha alikiona kinainuka, na angeweza kukirudisha, na hakukirudisha.

Breki zikauma. Bembea ikaganda katikati ya hewa, ikayumba mbele, ikarudi nyuma. Kinanda akapiga yowe ambalo halikuwa kwenye wimbo wowote. Kiatu kimoja kikaanguka katikati ya wacheza ngoma, wakatawanyika. Muziki ukakatika. Ukabaki mvumo wa taa tu.

"Mama Pacha." Sauti ya mumewe kwenye redio ilikuwa tulivu, ile ya kazi. "Umeona nini?"

Uongo ulikuja wenyewe, umeshavaa nguo. "Nimesikia mlio. Kwenye breki."

"Sawa. Hakuna anayepita chini. Namshusha polepole."

Hakuuliza la pili. Akamshusha Kinanda kidogo kidogo huku mkewe amebana tena kitufe, na tuseme ukweli, kwa dakika zile Mama Pacha alifurahi. Alimwangalia mwimbaji anafika chini nywele za bandia zimekaa upande, mguu mmoja uko peku, na moyoni akasema, haya, izoee na hiyo. Furaha hiyo ilikuwa na kijiba cha roho ndani yake na aliijua hivyo, lakini aliila yote.

Iliisha alipomwona mumewe anamfungua Mheshimiwa.

Baba Pacha alimfungua winchi kifuniko baada ya kifuniko, akatandika kitambaa, akapanga nati kwa mpangilio wake. Akazikagua breki kwa tochi. Akaupima mnyororo. Akatundika magunia upya, akajaribu breki moja moja, sikio amelibandika kwenye chuma. Breki zilishika. Akarudia tena. Jasho lilimtoka mpaka shati likagandamana na mgongo. Wenzake walisimama pembeni, na msimamizi wa tamasha, ambaye wote walimwita Bosi na hata yeye mwenyewe alijiita hivyo, alikuwa anazunguka jukwaa na simu mkononi.

"Basi?" Bosi aliuliza. "Umekuta nini?"

"Sijakuta kitu."

"Alhamdulillahi. Tuendelee."

"Hatuendelei. Kuna mlio."

"Wewe umeusikia?"

"Sijausikia. Kausikia mke wangu." Baba Pacha alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Akisema kuna mlio, upo. Mimi ndiye sijaupata. Mheshimiwa hapandi mpaka aje mkaguzi wa kampuni iliyotukodisha, na hawezi kufika kabla ya wiki ijayo."

Mama Pacha akasogea. "Baba Pacha, labda... labda nilisikia vibaya."

Mumewe alimgeukia, na usoni mwake hapakuwa na hata chembe ya shaka. "Wewe? Wewe husikii vibaya."

Bosi akashika kiuno. "Sikiliza, fundi. Yule mwanamke yuko hewani kwenye kila ukuta wa mji huu. Kesho akitokea mlangoni kwa miguu kama mgeni, watu watadai kiingilio chao. Si mna zile nyingine pale stoo? Breki Mbili? Breki mbili, mtu mmoja, mnataka nini zaidi?"

"Ile ni ya kushika kitu kimetulia. Haitembei na mtu juu ya watu. Hilo si ombi langu, Bosi, ndiyo kanuni."

"Basi nitamwita fundi mwingine. Yupo mmoja, hana maneno mengi. Atafunga hiyo Breki Mbili jioni hii hii."

"Mwite. Mimi simo." Baba Pacha akavua kitambulisho chake shingoni, akakiweka juu ya boksi la winchi, taratibu, kama mtu anayeweka miwani kabla ya kulala. "Na ukimwita, ujue nitasimama pale mlangoni kesho niwaambie watu wasikae chini yake. Utanitoa kwa polisi."

Bosi alikuwa ameshaanza kubonyeza simu.

Mama Pacha akabaki amesimama, kitufe mkononi na waya wake umelegea sakafuni. Mambo yalikuwa yamemkimbia. Alitaka kiatu kimoja kianguke tu. Sasa mumewe alikuwa hana kazi, na mtu asiyejulikana alikuwa njiani kuja kumtundika binadamu kwenye winchi isiyo ya kazi hiyo, juu ya watu. Akahisi mkono umemshika bega. Alikuwa Kinanda, bado peku, macho yamevimba.

"Dada, ahsante," alisema. "Umeniokoa."

"Usinishukuru."

"Nikushukuru mara ngapi? Unajua mimi nilikataa kupanda kile kitu tangu siku ya kwanza? Nilimwambia mumeo, nipitishe popote, ila usinirushe hewani. Kila siku ananiambia hivyo hivyo akinifunga mkanda: 'Usimwangalie Mheshimiwa, mwangalie yule pale mwenye kitufe. Yule ni mke wangu. Anasikia mpaka nzi akikohoa. Mapacha wangu ningewapandisha hapo, ili mradi kashika yeye.'" Kinanda akacheka huku anafuta kamasi. "Ya nzi kukohoa ndiyo ilikuwa inanichekesha. Sasa leo nimeona kumbe kweli."

Hakuna tusi ambalo lingemchoma Mama Pacha kama shukrani ile. Aliwahi kufikiria maneno yote ambayo mumewe angeweza kumnong'oneza mwanamke mwingine, usiku kucha alikuwa akiyatunga, na hata mara moja hakutunga haya. Alimtazama Bosi, simu imeshafika sikioni. Alimtazama mumewe anakusanya spana zake. Akajikaza.

"Hakukuwa na mlio," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Akarudia kwa nguvu, na redio ikaichukua ikaipeleka kwenye kila sikio ukumbini. "Hakukuwa na mlio wowote. Niliachia kwa makusudi."

Baba Pacha aliinuka polepole, spana mkononi. "Umeona nini?"

Hata hapo aliuliza vilevile.

"Sikuona kitu. Niliona wivu."

Wifi akajiziba mdomo kwa waya aliokuwa ameushika. Mcheza ngoma mmoja akacheka, akaona amecheka peke yake, akakigeuza kuwa kikohozi. Kinanda aliuondoa mkono wake begani mwa Mama Pacha, si kwa hasira, alivyouondoa ni kama mtu aliyegundua ameshika sufuria ya moto. Bosi alikata simu, akaangua kicheko kikubwa cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Wivu! Jamani, wivu tu! Haya, fundi, vaa kitambulisho, wivu haukaguliwi. Kazini!"

Baba Pacha alivaa kitambulisho, akarudisha vifuniko vya winchi kimoja kimoja, akakaza nati, akapandisha magunia kwa mara nyingine na kujaribu breki kwa utaratibu ule ule, maana winchi ikishafunguliwa inajaribiwa upya hata kama ilifunguliwa kwa uongo. Kikosi kizima kilimsubiri. Alipomaliza akaja mpaka alipo mkewe, akanyoosha mkono.

"Nipe kitufe."

"Baba Pacha, nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Sitarudia," Mama Pacha alisema. "Nakuapia kwa watoto."

"Najua hutarudia." Alisema bila ukali, na hicho ndicho kilichomtisha. "Nyumbani tutayazungumza. Nitanuna, nawe utaninunia kwa kuwa nimenuna, halafu yatakwisha. Mke kumwonea mumewe wivu si ajabu, hata mimi nilimwonea wivu yule jirani wa pikipiki, sema tu sikukuambia. Huko nimeshakusamehe. Ila hapa siwezi."

"Kwa nini hapa usiweze?"

"Kwa sababu kesho ukiachia, nitaanza kujiuliza, ni breki au ni moyo? Nikijiuliza tu, mtu ameshaumia."

Akakichukua kitufe mkononi mwake, akakunja waya vizuri, akageuka. "Dada!"

Wifi alitazama nyuma yake, kana kwamba kuna dada mwingine. "Mimi?"

"Una cheti cha kitufe?"

"Ninacho, lakini kaka..."

"Njoo ushike."

Wifi alikuja, akakipokea kitufe kwa mikono miwili, bila kumtazama wifi yake usoni. Mama Pacha akaokota nyaya alizoacha wifi na kuanza kuzizungusha. Kuna mtu alipaswa kuzizungusha.

Kesho yake ukumbi ulijaa mchana mpaka ngazini. Mama Pacha alikuwa nyuma ya jukwaa, kwenye maboksi ya nyaya, mahali ambapo hakuna anayeona kitu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia avue redio, kwa hiyo alisikia. Alisikia bizimu zinavutwa. Alisikia pumzi za Kinanda, fupi fupi.

"Fundi," Kinanda aliuliza, "leo kitufe kashika nani?"

"Dada yangu."

"Anasikia kama mke wako?"

Bizimu ya mwisho ikavutwa kwanza. Huku nyuma, Mama Pacha alisimamisha waya mikononi, akasubiri, na wivu aliomwonea wifi yake safari hii uliufanya ule wa jana uonekane mchezo wa watoto.

"Hapana," Baba Pacha alisema. "Hana masikio yale. Lakini yeye akiachia, nitajua kuna kitu."

Kisha akaita, "Tayari?", na sauti ya wifi ikajibu tayari. Mnyororo ukaanza kulia darini, mlio safi kabisa, breki zote mbili nzima, na hakuna mtu aliyekuwa anauliza maoni ya Mama Pacha.